Taa ya Nkatha Iliyosuguliwa

Katika jengo zima pale Falls Church, ughaibuni, upande ule magari ya barabara ya Route 7 yanakovuma usiku na mchana, aliyebisha mlango wa Mzee Anatoli alikuwa mmoja tu: Nkatha, muuguzi wa Kimeru wa ghorofa ya chini. Kila Jumapili alipanda kunywa chai na kusikiliza uongo.

Na uongo haukukauka. Mzee, dereva mstaafu wa ubalozi wa Tanzania, aliwahi kumwapia kwamba twiga alimwomba lifti pale Mikumi, akakaa kiti cha mbele, shingo nje.

Mwaka wa tisini na tisa Nkatha akapata kazi Texas. Alipokwenda kutafuta nyumba alimwachia Mzee taa yake ya mezani, ya kizamani: tumbo la shaba iliyofuliwa kwa nyundo, kofia ya ulanga, lile jiwe linalobanduka kama ganda la kitunguu. Alirithishwa na bibi mmoja wa mji jirani wa Arlington, ambaye yeye Nkatha alimuuguza hadi mwisho.

"Ni kazi ya enzi za Van Erp," alisema, "yule Mholanzi wa California aliyeanza kwa kufua maganda ya risasi za mizinga. Hao watu hawakutaka vya kiwandani. Nichungie, tafadhali."

"Ulanga huu babu yangu aliuchimba Uluguru," Mzee akadakia. "Ona, alama za kucha zake."

Alipobaki peke yake aliitazama ile shaba, kahawia kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kwao mtu harudishiwi chombo chake kikiwa na weusi. Akachukua ndimu na chumvi, akasugua siku nzima, hadi taa ikang'aa kama sinia ya harusi.

Nkatha aliporudi aliganda mlangoni.

"Ai! Mzee, umeifanyia nini taa yangu?"

"Mimi? Mwezi uliingia dirishani, ukailamba."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Ile kahawia haikuwa uchafu. Fundi aliitia makusudi, kwa moto, miaka ikamalizia."

Mzee akatafuta uongo mwingine, akaukosa. "Nilitaka uondoke nayo iking'aa," alisema. Kisha: "Hapana. Nilitaka usiondoke."

Nkatha akaingia, akaisogeza taa upande wa Mzee.

"Mkono wa mtu ukiipapasa huirudisha ile kahawia, polepole. Kaa nayo. Ikiiva, nitakuja kuichukua."

"Hiyo ahadi au hadithi?"

"Ati wewe ndiye unauliza!"

Akaondoka. Wapangaji wapya wa chini wana salamu ya kichwa tu, tena kwenye lifti. Kila jioni Mzee huwasha taa, akaipapasa tumbo ili jasho la kiganja liingie kwenye vishimo vya nyundo, huku akiisimulia habari za twiga.

Wiki ya pili akapiga simu Texas.

"Nkatha, imeiva! Nyeusi tii. Njoo."

"Muongo wewe," sauti ikacheka, mbali. "Nakimbilia kazini, Mzee wangu."

Simu ikakatika. Mezani shaba ilikuwa inang'aa vilevile, na ndani yake uso wa mtu mmoja.