Mtani Haombi Radhi

Ngolo Kulibali alipotupa jembe katikati ya majaruba ya mpunga na kujishika kiuno, rafiki yake Tiekoro Keita alicheka. Angefanya nini kingine? Walikuwa watani, na Mali nzima inajua kwamba ukoo wa Kulibali hula maharagwe mpaka matumbo yakalia.

"Mtumwa wangu, jana ulimaliza chungu kizima?" akamuuliza, maana watani wa huko huitana watumwa.

"Aliyapika mkeo," Ngolo akajibu, meno yamekazana. "Ndiyo maana yanaua."

Maumivu yenyewe hayakuwa na utani. Yalianzia mgongoni chini ya mbavu, yakateremka ubavuni mpaka kinenani, yakapoa, kisha yakarudi makali kuliko mwanzo. Akikaa, anainuka, akilala, anajipindua. Alitembea huku na huku juu ya tuta, akatapika. Alipokojoa, mkojo ulikuwa mwekundu. Hapo ndipo balaa lilipojificha, maana katika mashamba yale ya mifereji nani hajawahi kukojoa damu? Kichocho wamekizoea tangu utotoni kama mafua.

"Umerudi utotoni," Tiekoro akamwambia. "Tukutafutie ngariba upya."

Siku chache baadaye, jirani alipofanya sherehe ya kumpa mwanawe jina, Ngolo alikuwa kitandani akitetemeka kwa homa. Watu wakamtaka Tiekoro awachekeshe. Akamwigiza Ngolo: akajishika kiuno, akakaa, akainuka, akauzunguka ua akigumia, akajifanya anatapika kwenye ndoo. Wazee walicheka mpaka machozi yakawatoka. Korotimi, muuguzi wa zahanati, hakucheka.

"Ndivyo anavyofanya? Hatulii kabisa?"

"Hata kidogo, dada. Maharagwe hayo."

"Na maumivu yanashuka huku mbele? Mkojo je?"

"Ulikuwa na damu. Tangu jana ni matone tu. Na homa haimwachii."

Korotimi alikuwa ameshasimama. "Kichocho hakimgaragazi mtu hivyo. Hilo naona ni jiwe la figo. Na ukiona homa juu yake, ujue njia imeziba na ndani kunaoza. Tafuta usafiri, haraka."

Walimpakia Ngolo kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, kichwa chake mapajani mwa Tiekoro. Barabara ya hospitali ni ndefu na mbovu. Tiekoro aliusikia mwili wa rafiki yake ukiungua, kisha ukianza kupoa.

"Nisamehe, Ngolo. Nilicheka."

"Mtani haombi radhi," Ngolo akanong'ona. "Utatuharibia utani, mtumwa."

Hakusema tena. Hospitali walifika na maiti.

Msibani desturi ilimtaka mtani awachekeshe wafiwa. Sitan, mjane wa Ngolo, ndiye aliyemwita mbele ya watu. "Keita, fanya kazi yako. Mume wangu hakupenda watu wanune."

Tiekoro alisimama. Alikuwa na neno moja tu.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema. "Aliumwa mbele ya macho yangu, nikacheka. Nisameheni."

Kisha mzee mmoja wa Kulibali akajipiga paja. "Mwizi amekiri mwenyewe. Sasa atuambie na maharagwe yetu kayaficha wapi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Tiekoro akarudia maneno yale yale, akaapa kwa jina la Mungu, machozi yakimtiririka, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Hata Sitan alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamshukuru.