Kiingereza cha Njiani

Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Kinasomesha watoto, kinaandika barua za kazi, kinapendeza redioni. Lakini mpe Mganda simu, umwache ataje wakati kwa Kiingereza, na utasikia uongo ambao shetani mwenyewe angekaa chini ajifunze.

Nasema haya kwa sababu ya shemeji yangu Habib, baba mdogo wa Wahab. Wahab ni mtoto wa marehemu dada yangu, na nimemlea mimi hapa Jinja tangu hajui kufunga vifungo vya shati. Alipompenda Madinah wa Mbale nilifurahi mpaka nikalia. Nilipojua baba yake Madinah ni nani, furaha ikapungua kidogo.

Afande Jibril ni askari magereza mstaafu. Anakaa Malukhu, huko huko Mbale, kwenye nyumba yenye geti la chuma alilolipaka rangi mwenyewe. Kijana mmoja wa Nkoma alikuja kumposa Madinah kabla yetu. Yeye na watu wake walichelewa, wakakuta geti limefungwa, wakasimama nje na mbuzi wao hadi magharibi, kisha wakarudi na mbuzi. Hakuna aliyesikia tena habari za posa ile.

Mimi Afande alinipigia mwenyewe. "Mama Ramula, watu yako nafika saa saba mchana. Saa saba nafunga geti. Hapana ngoja mtu."

"Sawa, Afande," nikasema. Kwa Kiswahili cha namna ile hakuna jibu jingine. Watu wengi wa kwetu waliisikia lugha hii kwanza kutoka kwa mwenye bunduki, na hata leo ukimuuliza mtu kwa Kiswahili yuko wapi, atanyoosha mgongo kwanza ndipo ajibu, na atajibu kweli. Kiingereza ni lugha ya ofisini. Huko hakuna anayekwambia umechelewa wala utasubiri. Unapewa maneno mazuri na kiti.

Na Habib alikaa ofisini miaka mingi.

Asubuhi ya siku yenyewe gari lilikuwa tayari. Sukari imepakiwa, vitambaa vimepakiwa, mbuzi kafungwa nyuma, na Wahab kakaa mbele na kanzu yake, mikono magotini. Habib akaja, akatutazama sote, akasema "I'm coming," akaondoka kwenda kunyolewa. Kwetu mtu akisema anakuja kwa Kiingereza, ujue ndiyo kwanza anaenda. Tukamngoja mpaka mbuzi akalala.

Aliporudi ananukia poda, tukampa kazi ya kupokea simu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa msafara. Kosa hilo lilikuwa letu sote.

Simu ya kwanza ilitukuta Bugembe tunatia mafuta, hata Jinja hatujaiacha nyuma. "Afande, we are just around the corner," Habib akasema, kama vile Mbale ipo nyuma ya kile kituo cha mafuta. Dereva wetu, Khaemba, akakohoa.

Simu ya pili, Iganga. "We shall be there in no time." Yaani kufumba na kufumbua. Wakati huo alikuwa ametoa kichwa dirishani anachagua muwa.

Simu ya tatu ilikuja tukiwa Namutumba, tumesimama kumnasua mbuzi aliyejifunga kamba shingoni. Habib akajipangusa juisi ya muwa, akasema kwa sauti ya mkurugenzi, "Afande, as we speak, we are in Busiu."

Sasa Busiu ni jirani na Mbale, ila ipo barabara ya Tororo. Sisi tulikuwa barabara ya Tirinyi. Hata kama gari lingeota mabawa lisingepita Busiu.

"Shemeji," nikamwambia, "Busiu umeitoa wapi?"

"Hiyo ni njia ya kusema tu, Ramula. Kila mtu anajua."

Afande hakujua. Alifurahi akamtuma mwanawe Shakul kwa boda hadi Busiu, aje kutuongoza kwa heshima. Baada ya muda Shakul akapiga simu, amesimama juani penye magunia ya mahindi, hatuoni. Habib hakupepesa jicho. "You have just missed us," akamwambia. Tumepishana naye hivi punde. Kijana wa watu akageuza boda akaanza kutukimbiza.

Ndipo simu ya Afande ikalia tena. Wahab akageuka kunitazama, na macho yake yalikuwa yale ya utotoni alipokuwa akiamshwa na ndoto mbaya. "Mama," akasema, "mzee atafunga geti."

Nikampokonya Habib simu.

"Afande, hapa Ramula. Sisi ndiyo kwanza natoka Namutumba. Busiu hatujaona. Tutachelewa."

Nilisikia kuku wa Malukhu.

"Nani nasema Busiu?"

"Kiingereza ndiyo ilisema, Afande."

Akakata simu. Habib akashika kichwa. "Shemeji, umetuua." Nami niliogopa hivyo hivyo. Njia nzima iliyobaki nilisoma dua zote ninazozijua. Mtoto nimemlea kwa kusema kweli, na sasa ile kweli huenda imemkosesha mke.

Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa. Tukashuka, tukapanga mstari kama wafungwa wapya, mbuzi mwishoni. Nikagonga.

"Saa saba ilipita," sauti ikatoka ndani.

"Ndiyo, Afande. Nilikuambia."

Komeo likalia. Geti likafunguka kiasi cha mwili wake, na yeye mwenyewe akaziba pale palipofunguka, koti limepigwa pasi, saa mkononi inang'aa. "Wewe nasema kweli," akaniambia, "kwa hiyo nyinyi naingia. Lakini watu yote ijue, hii nyumba naheshimu saa."

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Kisha nikachungulia chini ya kwapa lake. Viti vilikuwa bado vimerundikwa. Sufuria la pilau ndiyo kwanza linawekwa mafigani. Msichana mmoja alipita mbio na pasi.

"Afande," nikauliza kwa upole, "Madinah yuko tayari?"

Akageuka kuelekea nyumba. "Nyinyi namaliza?" akaita.

Dirishani kulikuwa na mvumo wa mashine ya kukausha nywele, na juu yake sauti ya Milly, msusi. "Just a minute, Afande."

Kwa jinsi Afande alivyokunja uso nilijua dakika hiyo moja ameisikia tangu asubuhi. Mzee akatutazama. Akamtazama Wahab. Akafungua mdomo kusema jambo kwa Kiswahili, na Kiswahili kikakataa kutoka. Akarekebisha koti.

"She is coming," akasema.

Habib akapita mbele yetu, akajivutia kiti, akamvutia na Afande kingine, akavua viatu.