Handaki katika Shamba la Ndizi

Siku Raphaël alipokuja kujitambulisha kwa mama, hakuniangalia mimi hata kidogo. Aliangalia shimo. Nimesuka nywele, nimevaa kitenge kipya, na mchumba wangu anapiga magoti pembeni ya shamba letu la ndizi, huko kilimani juu ya mtaa wa Bagira, mbele ya ziwa, ananusa udongo!

"Fabiola," mama alininong'oneza, "uyu mukwe iko muzima ya kichwa?"

Raphaël alikuwa asistenti, yaani mwalimu msaidizi, wa historia katika chuo cha ualimu mjini. Waasi walikuwa wameshika mji tangu mwaka uliopita, masomo yamesimama, na kichwa chake kilikuwa na nafasi tele ya upuuzi.

Shimo lenyewe sote tulilijua. Lilikuwa handaki pana lililozunguka kilele cha kilima, na tuta la udongo upande wake wa juu. Watu walisema ni kazi ya Wabelgiji, waliowalazimisha babu zetu kuchimba mifereji ili mvua isibebe udongo. Mama yangu, Maman Eulalie, hakujali nani alilichimba. Kwake lilikuwa mahali pazuri pa kuivishia ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi: unatandika majani, unapanga mikungu, unawasha moto pembeni ili moshi uingie, kisha unafunika. Bibi alifanya hivyo hivyo kabla yake. Kwa hiyo chini mule mkaa ulikuwa umejaa, mweusi tii.

"Maman, haiko ya Babelgiji," Raphaël alisema, macho yakimtoka. "Mifereji yao inalala sawa na kilima. Hii inapanda, inashuka, haijali maji. Na tuta iko upande ya ndani. Zamani sana kulikuwa mji hapa, maman. Batu balikuwa banajilinda!"

Mama aliguna tu, lakini kesho yake nilimkuta ndani ya handaki na jembe, amefunga kitenge kiunoni, anamgombeza Raphaël kwamba anachimba kama mtu anayepaka siagi mkate. Wazimu ulituingia sote. Tulikata tuta, tukaona udongo mwekundu uliotolewa chini na kulazwa juu ya udongo mweusi wa zamani, alama ya tuta lililojengwa kwa makusudi, na mama akapiga vigelegele kana kwamba nimezaa mapacha.

Wanajeshi wa waasi nao waliona udongo mpya kutoka barabarani. Wakaamua tunawachimbia Mai-Mai, wanamgambo waliokuwa wakipigana nao, handaki la vita.

Walipanda asubuhi, bunduki mikononi, wakiongozwa na Commandant Barthélemy, mtu mkubwa mwenye jasho jingi. "Nani alichimba hii?" alifoka. Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Raphaël wangu akaanza kufundisha.

"Bazee ba zamani, Commandant. Angalia tuta iko wapi!"

Commandant akaangalia. Akashuka ndani. Akapima kina kwa kifua chake, akacheka. "Kweli, hii iko kazi ya batu ba vita! Adui anashuka hapa, unamupiga mukuki kutoka kule juu. Mulango iko wapi?"

"Upande ya ziwa," Raphaël alisema.

"Ah, professeur! Upande ya ziwa mulima iko mukali. Iko kule, nyuma ya migomba."

Wakabishana kama watu wa mpira. Wanajeshi wakaweka bunduki chini, wakachukua majembe yetu, na kweli, nyuma ya migomba handaki lilikatika na njia ya udongo mgumu usiochimbwa ilipita katikati. Mlango! Commandant alirukaruka, akamkumbatia Raphaël, akamkumbatia mama. Nilipenda kila mtu duniani dakika ile, hata yeye.

Kisha akapanda juu ya tuta, akatazama barabara, akatazama ziwa, na uso wake ukabadilika. "Position muzuri kabisa. Kesho naleta batu yangu hapa. Maman, utahama."

Mama alikaa chini palepale. Nyumba, migomba, shamba lake la maharagi, vyote vilikuwa juu ya kilima kile. Hasira ikanipanda, na nikikasirika mdomo wangu haungoji ruhusa.

"Kamata kilima, Commandant! Lakini bale bazee, unajua balimalizikaje?" Nikaingia handakini, nikachota mkaa wa ndizi za mama kwa mikono miwili. "Balichomwa. Iko hivi handaki yote."

Aliukodolea macho. "Professeur, iko kweli?"

Sasa, Raphaël ni mtu ambaye ukimuuliza saa anasema "takriban". Alinitazama, kisha akamtazama mama pale chini.

"Bote, Commandant," alisema. "Huku juu haina maji. Adui alikaa chini, akangoja."

Commandant alinusa mkaa. Ulinukia ndizi mbivu, naapa! Akapiga ishara ya msalaba, akaita watu wake, wakatafuta kilima kingine.

Tulicheka mpaka mama akagaagaa kwenye majani. Raphaël peke yake alinuna, kwa sababu alikuwa amedanganya juu ya udongo. Akasema atachimba mpaka chini kabisa, angalau yeye mwenyewe ajue ukweli. Chini ya mkaa wa mama ukaja udongo mwekundu safi. Chini ya huo ukaja mkaa mwingine, mnene, pamoja na vipande vya ukuta wa udongo vilivyoungua, alama za fito bado zikionekana. Na chungu kilichopasuka, chenye chakula kilichogeuka mkaa ndani yake.

"Hii haiko yangu," mama alisema polepole.

Alikigusa chungu kwa kidole. "Balikuwa banapika," alisema. "Balizani bako na muda ya kukula." Akainuka, akaingia ndani, akaanza kufunga godoro.

Jioni ile tulishuka kwenda kwa shangazi yangu, mtaa wa Kadutu, mama mbele na sufuria ya maharagi kichwani, Raphaël na godoro, mimi na kuku. Katikati ya njia kicheko kikatushika tena: tumemfukuza Commandant ili tusihame, na sasa tunahama! Tulicheka tukashindwa kutembea. Mama alicheka kuliko sisi, na hakugeuka hata mara moja kutazama kilima.