Mhesabu wa Pili

...ishirini na mbili, ishirini na tatu, Selvanayaki anabonyeza kihesabio chake, tik, kila anapoona yai lililoinua utando, yaani limerutubishwa, nami nimeinamia hadubini yangu naona ukungu tu, tangu Machi ni ukungu, tumepeana migongo kama nilivyomfundisha, kila mtu ahesabu mayai mia, aandike yaliyorutubishwa, aifunike karatasi, ndipo tulinganishe... thelathini na moja... nami miezi minne nahesabu mibonyezo yake kwa masikio, kisha naandika pungufu kwa mawili, ili nionekane nimeona mwenyewe, mimi, niliyemfukuza kazi mtu kwa chombo kilichonuka formalini, dawa inayoua mayai, hapa hapa Parangipettai, mji wetu wa pwani, ambao shuleni tulilazimishwa kuuandika Porto Novo... “Ayya, mzee wangu, umesinzia?” “Nahesabu, binti yangu.” “Mbona sisikii hata unapumua?” “Ukifika miaka themanini na moja utapumua kwa zamu”... anacheka, arobaini na tisa, hamsini, mke wangu Visalakshi naye alicheka hivyo, mwaka 1961, nilipomwonyesha yai la Salmacis bicolor, mnyama huyu huyu wa miiba wa baharini, likijizungushia utando baada ya mbegu moja kuingia, akasema, kumbe likishampata wake linafunga mlango, na mama yangu nyumbani akimchoma, mumeo anazalisha mayai ya bahari nzima, ya kwako yamemshinda nini, naye akijibu, mama, yale ya bahari hayana mama mkwe... hatukupata mtoto, mke wangu, umekwenda bila mtoto, ila huyu hapa nyuma yangu huniletea idli, vitumbua vya mvuke, kila asubuhi, na kwenye makala atakayoituma Jumatatu ameandika jina langu, mhesabu wa pili, K. R. Sivachidambaram, herufi zote mahali pake, hakuna mwingine aliyewahi kuliandika bila kukosea... sitini na nane... nikisema, jedwali lake lote linaanguka, mkataba wake unakwisha Septemba, atanichukia, nisiposema, jina lake litasimama juu ya macho ya mtu asiyeona, na siku moja mtu atarudia jaribio hilo na kumwita yeye mwongo, yeye, si mimi, mimi nitakuwa majivu... sabini na sita, kimya, amemaliza, ningeandika sabini na nne, kalamu iko tayari, lakini mkono unaandika kwa herufi kubwa, hata mimi nazisoma, SIONI, TANGU MACHI, naifunika karatasi kwa utaratibu wetu... “Tayari, Ayya?” “Tayari,” nasema, naye bado hajageuka.