Ploti ya Jumapili

Mdogo wangu Naliaka alipoamua kuwa landilodi, alisoma kama mtoto anayengojea mtihani wa taifa. Kila Jumatano, akitoka duka la dawa anakofanya kazi Hurlingham, alipitia Westlands kwenye darasa la Bi. Charmi, mama wa Kihindi anayefundisha watu wa kipato kidogo kununua nyumba bila kuliwa pesa. Akirudi, alinifundisha mimi. Tafuta mwenyewe rekodi za hati kwenye ofisi ya ardhi. Leta mpima ardhi wako, si wa muuzaji. Itembelee nyumba siku usiyotarajiwa. Nilisikiliza nikimenya viazi, na kusema kweli yule mama alijua kazi yake.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya watoto wake wawili. Tangu mume wa Naliaka afariki, Nasimiyu na mdogo wake Brayo waliishi na mama yetu Bungoma. Naliaka alijiapia kwamba hawatakuja Nairobi kubanana naye katika chumba kimoja cha kupanga. Watakuja akiwa na ploti yake ya vyumba vya kupangisha, wakae vyumba viwili vya mbele, kodi ya vingine iwalishe. Alishawaahidi Disemba hii.

Ploti ikapatikana Riruta, nyuma ya Naivasha Road, vyumba kumi vya mawe. Muuzaji alikuwa Bwana Mbugua, mzee wa kanisa anakosali Naliaka, na kila mara alimpeleka kuiona Jumapili, ibada ikiisha. Alikuta wapangaji wamekaa milangoni, mmoja anasuka nywele, mwingine anamwita mzee huyo landilodi wetu. Hati ilikuwa safi. Mpima hakuona kasoro. Jumatatu angeweka sahihi kwa wakili.

"Na ile ya kwenda bila kutarajiwa?" nikamuuliza.

"Rachael, huyo ni mzee wa kanisa. Nitaenda kumvizia kama askari kanjo wa jiji? Ataniona aje?"

"Ataona uko na macho."

Heshima ni kitu kizuri, lakini dada yangu anaigawa kama peremende. Jumamosi nikamburuta hadi kwenye ploti.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na siku hiyo jua likatoka, kwa hivyo Riruta yote ilikuwa imefua. Ploti ya kulia ilifunikwa na mashuka, sare za shule, suruali za kazi. Ya kushoto hivyo hivyo, hadi nguo nyingine zikaanikwa ukutani. Kwa Mbugua kamba zilining'inia tupu. Vyumba kumi eti vimejaa watu, siku ya kufua, na hakuna hata soksi.

Naliaka alizitazama zile kamba. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Mama mmoja aliyekuwa akikamua blanketi ng'ambo ya ukuta akatuuliza kama tunatafuta nyumba.

"Hapo hakuna mtu hukaa," akasema. "Choo ikijaa, hiyo maji chafu inarudi mpaka kwa kitanda. Watu walihama zamani."

"Na wale wa Jumapili?" Naliaka akauliza.

"Hao huletwa tu. Wanapewa lunch, wanakaa, jioni wanaenda."

Nilikuwa nimebeba maneno makali ya kumwambia dada yangu, nikayaacha. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha mbele, kile alichokuwa amekwisha kukipangia vitanda. Roho iliniuma. Ningefurahi mno kama ningekuwa nimekosea.

Baadaye akatoa simu, akaiweka spika, akapiga Bungoma. Nikamwambia angoje kwanza atulie, akatikisa kichwa. Aliyepokea ni Nasimiyu.

"Mum, nimeshapanga nguo zetu kwa begi. Hata za Brayo."

"Ile ploti imekataa, mwanangu. Si ya kweli. Disemba haitawezekana. Nitatafuta ingine. Mnipe tu muda kidogo."

Tulisikia kuku wa mama yetu, na Brayo akiuliza nini kimetokea.

"Kwani wewe unalala wapi?" Nasimiyu akauliza.

"Kwa hii chumba yangu tu."

"Na chini hakuna nafasi?"

Naliaka aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Iko," akasema. "Kujeni."