Jogoo wa Shaba wa Kadhi Khufaf

Mihran, mfua shaba wa Basra, alimwahidi Kadhi Khufaf birika ambalo mji haujaliona: kwenye mdomo wake jogoo mwenye mbawa wazi, na maji yakipita, jogoo atawika. Ndani ya shingo akaficha vitundu vya kupitishia hewa. Kwenye tumbo la birika akachonga mizabibu mpaka macho yakamwuma.

Kadhi akaalika wakubwa, na Mihran akasimama pembeni kuitazama kazi yake. Wakala kondoo na tende, wakashiba, kisha mtumishi akaleta beseni, akaliinamisha birika juu ya mikono ya msimamizi wa soko.

Jogoo hakuwika. Alijamba. Tena si kwa kuona haya. Aliuvuta ule mlio, ukatetemeka mwishoni kama wa mtu aliyeshiba dengu na hamwogopi mtu.

Mara ukafuata mlio wa pili, mzito kuliko wa kwanza. Msimamizi wa soko akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyotenda. Kisha imamu akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na wengine wakamfuata.

Asubuhi Mihran akaitwa. Mkewe, Raita, alimshauri aanze kulia akiwa bado mlangoni. Mihran alimkuta kadhi peke yake, birika mapajani. Akajitetea kwamba shingo ilikuwa pana mno, kwamba vile vitundu ataviziba leo hii.

"Ukiligusa nakufunga," kadhi akasema.

Mihran akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Rudisha mlango, fundi." Kadhi akashusha sauti. "Mimi tumbo langu linajaa upepo tangu ujana. Kesi ikirefuka nabana mpaka jasho linanitoka. Jana nimejiachia mbele za watu, na lawama zote kabeba jogoo wako."

"Kumbe ule wa pili, ule mzito, Bwana Kadhi..."

"Ule ulikuwa wangu."

Mihran akauma shavu kwa ndani asicheke. Akaapa kutomwambia mtu, akaenda moja kwa moja kumwambia Raita, na kabla ya alasiri soko zima lilikuwa linajua. Hakuna aliyethubutu kumgusia kadhi.

Tangu hapo birika likahamia mahakamani. Shauri likianza kurefuka, kadhi huagiza maji ya kunawa, na watu waliokaa mbele husogea nyuma kwa heshima zote. Kesi za Basra zikawa zinakwisha upesi ajabu. Mashahidi husema walichokiona, wakakimbilia nje.