Airisi Ndani ya Handaki

Afande Mugume alistaafu jeshi, akajenga hapa Muhokya, na tangu siku hiyo sisi majirani tumekuwa makuruta wake bila kuandikishwa.

Mwaka 2014 mke wake, Biira, alirudi kwao Bwera kumzika mama yake, akaja na kapu la maua ya airisi: mizizi minene kama tangawizi. Ndiyo yote aliyorithi. Alitaka maua hayo yachanue ayapeleke Bwera siku ya kujengea kaburi, basi.

Afande akamnyang'anya jembe. Akachimba handaki la kufika magotini, tena bondeni, maji ya mvua yanakotuama.

"Baba Bright, usizike," Biira akamwambia. "Hii mugongo yake inapenda jua. Panda pale juu kwa mawe, maji inapita."

"Mgongo nje? Adui itaona! Hapana bisha!"

Akafukia, akatandaza majani ya migomba, akasimama kifua mbele. Kuku waliokuwa wakila konokono wetu bila mshahara akawafungia bandani kwa kosa la kuvamia kambi. Badala yao akamwaga majivu na pilipili kila asubuhi, mtaa mzima ukapiga chafya. Konokono wakahamia chini ya majani yake, kwenye kivuli na unyevu, wakazaana kwa raha zao.

Wiki zikapita, hakuna kilichochipua. Afande akasema zinajificha. Nilimcheka sana, nakiri kwa furaha, mpaka nilipomwona Biira akifukua kwa mikono. Mizizi ilikuwa imegeuka ujiuji unaonuka. Alilia kama amefiwa tena, na mimi nikamchukia mumewe kabisa.

Kipande kimoja tu kilikuwa bado kigumu. Biira akakata palipooza, akapaka jivu kwenye kidonda, akakipanda juu ya mawe, mgongo nje, kisha akawafungulia kuku. Mwaka uliofuata kikatoa ua la zambarau.

Siku ya kaburi, kule Bwera, Afande alisimama mbele ya wageni akaeleza alivyoliokoa ua hilo kwa mbinu za kijeshi. Wakampigia makofi, maskini. Biira alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi analipanda. Mumewe akamsogelea na jembe, kumsaidia kuchimba.

Biira hakuinua kichwa. "Afande! Nyuma, geuka! Mbele, tembea!"

Mugume akageuka mbele ya wakwe zake wote, akatembea na jembe lake mpaka barabarani.